Alama ya Sikio

Kondo moja lilitubeba, kondoo mia tatu wakatulea,
kaskazini mwa Aislandi, katika bonde ambalo jua la Desemba
hupita nyuma ya mlima bila kubisha hodi.

Steinvör alitoka kwanza. Mimi, Hallveig, dakika kumi na moja baadaye,
na deni la dakika hizo alilidai miaka kumi na sita:
kiti cha dirishani, maji ya kuoga yangali moto,
neno la kwanza na la mwisho katika kila ugomvi.

Shuleni tulikuwa shilingi kwa ya pili.
Mwalimu alisema "nyie" hata alipomtaka mmoja.
Shangazi alitufumia sweta mbili, ua moja kifuani,
na akikosea mshono kwenye ya kwanza
aliukosea kwa makusudi kwenye ya pili.

Kisha ule mkasi wa kukatia sufu.
Tulikuwa na miaka saba. Maumivu siyakumbuki.
Nakumbuka kondoo aliyeshtuka, mkono wa baba ulioteleza,
na kipande cha sikio langu la kushoto,
kidogo kama punje ya dengu,
kikidondoka kwenye sufu na kupotelea humo.
Baba alilia kabla yangu. Halafu, kwa kuwa hakujua
kumbembeleza mtu bila mzaha, akasema:
haya, sasa wewe umetiwa alama ya shamba,
ukipotea milimani watakurudisha.

Usiku Steinvör akaja kitandani kwangu na mkasi wa jikoni.
Nikate na mimi, akasema.
Nikakataa.
Nikadai namwonea huruma. Uongo.
Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu
ambacho yeye hakukifikia kabla yangu.

Sijawahi kumwambia hilo. Namwambia hapa.

Kwetu wengi hatuna jina la ukoo. Mtu ni binti wa babaye, basi.
Tulikuwa binti Ketill wawili.
Alipotimiza miaka kumi na tisa akaenda mjini kusomea kuchomelea vyuma,
na siku moja ikaja barua: yeye sasa ni binti Rannveig,
binti wa mama. Sheria inaruhusu.
Baba aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya kopo la chumvi,
akatoka kwenda kuwatazama kondoo
ambao hawakuwa na haja ya kutazamwa.
Mama hakusema kitu, ila niliona
shingo yake imerefuka kidogo.

Mimi nilinuna wiki sita.
Nikamwandikia: umenikata.
Akajibu: nimejikata. Ulipokuwa na mkasi, nilikuomba.

Mwezi wa Tisa kondoo huteremshwa kutoka milimani,
wa mashamba yote, wamechanganyika,
wakamiminwa kwenye zizi la duara lenye milango mingi,
na kila mtu hutafuta wake kwa kupapasa masikio.
Alikuja. Nywele kanyoa upande mmoja,
mikononi madoa ya cheche,
uso umekonda pale ambapo wangu umenenepa.
Majirani hawakusitasita hata kidogo kumwita jina lake.
Mimi ndiye niliyesitasita.

Akachukua simu yangu atazame kama mvua itanyesha.
Zamani simu hii ilimfungukia;
alisoma siri zangu zote kwa uso wetu.
Akaiinua. Ikamtazama.
Ikamkataa.

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka.
Simu ikadai namba.
Hakuniuliza. Kidole chake chenye kovu
kikabonyeza siku, mwezi, mwaka,
na kioo kikawaka.

Itanyesha saa kumi, akasema,
akaitumbukiza simu mfukoni mwangu mwenyewe,
akaruka ukuta kwenda upande wake wa zizi.
Nami nikashika pembe iliyokuwa karibu,
nikageuza kichwa cha mnyama, nikapekua sikio.
Hakuwa wetu.